Menyewe

*Mazungumzo na wazazi, ukumbi wa kanisa, Mabatini, Mwanza. Yameandikwa kama yalivyosemwa.*

Mwadila, ndugu zangu. Naona akina mama mmejaa huku mbele, na akina baba sita mmekaa karibu na mlango kama watu wanaosubiri mvua ikatike waondoke. Kaeni hivyo hivyo, nitawafikia.

Mwenyekiti amenitambulisha kuwa ni mtaalamu wa malezi. Hapo amenipandisha cheo. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi kliniki ya mama na mtoto miaka 31, na baadhi yenu mlipita mikononi mwangu mkining'inia kwenye mizani ndani ya ile kaptula ya kupimia, mkilia, wengine mkinikojolea. Miaka yote hiyo niliwaambia mama zenu la kufanya nyumbani. Mlishe mara kwa mara. Kaa naye anapokula. Usimpige. Ongea naye. Halafu najaza kadi, naita, "Anayefuata!" Kila mama alikuwa na dakika nne kwangu, labda tano siku ya mvua watu wakiwa wachache.

Mtaniuliza, wewe hukulea wa kwako? Nimezaa wanne. Waliwalea mama yangu mzazi na wasichana wa kazi. Mimi nilikuwa kliniki nawafundisha wenzangu kulea.

Nikastaafu. Mwaka jana binti yangu wa mwisho akapata nafasi ya kusoma Dodoma, akaniletea mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili, wa kiume. Kwa utani wetu wa bibi na mjukuu namwita mume wangu, na humu ukumbini nitamwita hivyo hivyo, maana jina ni lake na hajaniruhusu kulitembeza. Sasa ana miaka miwili na miezi mitatu. Kwa hiyo nina uzoefu wa miaka 31 na mwingine wa miezi 13, na ule wa miezi 13 ndio ulionikalisha chini.

Afisa aliyenitangulia amewaeleza habari za Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile iliyozinduliwa Desemba 2021. Ni kazi nzuri na jina lake ni refu. Mimi nitaongea habari za viatu.

Neno nililokuja nalo ni la mume wangu: "menyewe". Ni "mimi mwenyewe" lililopita kwenye meno kumi na sita likatoka hivyo. Analianza alfajiri. Ukimshikia kijiko, menyewe. Ukimfungulia mlango kabla hajaugusa, anaufunga, analia kwanza, halafu anaufungua upya, menyewe. Ukimbonyezea swichi ya taa umemdhulumu.

Tunakaa Bugarika, kule juu kwenye miamba. Wanaopajua wanajua gari halifiki mlangoni; unashuka ngazi za mawe, unapita kati ya nyumba na nyumba, unaruka mfereji, ndipo unaiona barabara. Mimi peke yangu, na magoti yangu haya, natumia dakika saba. Nikiwa naye anatembea kwa miguu yake, arobaini. Nimepima kwa saa, uuguzi haumtoki mtu. Na dakika kumi za kwanza hatujaondoka hata kibarazani. Ni za kuvaa yeboyebo.

Mwanzoni nilikuwa namvalisha. Anavivua. Namvalisha, anavirusha. Siku moja nilikuwa nimechoka kuliko yeye, nikakaa kwenye kigoda nikamtazama. Alikaa chini, miguu mbele, ulimi nje. Akashika kiatu kwa mikono miwili. Vidole viliingia, kisigino kikabaki nje. Akakivua, akachungulia ndani kana kwamba kuna mtu amekaa humo, akakigonga sakafuni, kikadondoka kijiwe. Akakiangalia kile kijiwe. Akanipa mimi nimshikie. Akavaa tena, kiatu cha kulia mguu wa kushoto, na cha kushoto mguu wa kulia, mpaka mwisho. Alipomaliza viatu vilikuwa vimepeana visogo kama watu waliogombana. Akasimama, akatembea, hakuanguka. Mimi nimekaa pale na kijiwe mkononi, najiuliza ni mara ngapi nilimvalisha kiatu chenye kijiwe ndani, nikashangaa analia nini.

Sasa mnielewe. Sisemi kila siku mkae kwenye kigoda. Kuna asubuhi ambazo daladala haikusubiri na mwajiri hakusubiri. Ila nimekuja kuamini kwamba ugomvi mwingi wa nyumba yenye mtoto wa miaka miwili tunauita ukaidi wa mtoto, na ukiuchunguza vizuri unakuta ni haraka ya mkubwa. Ipo methali mnayoisubiri hapo. Siitumii, imechoka.

Niwape habari ya mjusi. Tukishuka ngazi, katikati kuna mwamba mpana unaopata jua la asubuhi. Mijusi wetu wa Mwanza mnawajua: dume ana kichwa chekundu mpaka mabegani, kiwiliwili cha buluu iliyoiva. Kuna wageni wanatoka mbali sana kuja kuwapiga picha, sisi tunawapita tu. Basi siku hiyo dume alikuwa juu ya mwamba anafanya mambo yao yale, anainua kifua, anatikisa kichwa juu chini. Mume wangu akachuchumaa. Mjusi akatikisa kichwa. Yeye naye akatikisa. Mjusi akatulia, akatikisa tena. Na huyu akajibu. Walikuwa wanasalimiana, na kwa heshima zote.

Mimi nilikuwa na kikao cha vikoba saa nne. Nikamvuta mkono. Akalegea mwili mzima, mnaujua ule ulegevu, mtoto wa kilo kumi na mbili anageuka gunia la mahindi. Nikamnyanyua, nikamfunga mgongoni kwa kanga, akalia mpaka barabarani. Nilifika kikaoni bega limelowa kamasi, nimechelewa vilevile, na mweka hazina mwenye sanduku alikuwa hajatoka kwake. Tulianza saa tano na nusu. Muda wa kumtazama mjusi ulikuwepo, tena mwingi.

Kitaalamu, kwa kifupi, maana sikuja kuwachosha. Sehemu ya ubongo inayomwezesha mtu kusubiri, kujizuia na kuacha jambo moja ashike lingine ipo mbele, hapa nyuma ya paji la uso, na inaendelea kukomaa mpaka mtu amepita miaka ishirini. Mtoto wa miaka miwili anayo, lakini ni kama baiskeli iliyoungwa juzi: pedali zinafanya kazi, breki bado. Ukimwambia "acha hicho twende" unamwomba afanye mambo mawili kwa mpigo, na yote mawili yanahitaji breki.

Lakini msimdharau. Sikilizeni Kiswahili chake. Mume wangu akitaka kitu anasema "taka". Asipotaka anasema "taki". Nataka, sitaki. Mwanzo wa neno ameula wote, ile na- na ile si- zote zimekwenda, amebaki na irabu ya mwisho, na hiyo hakosei hata akiwa na usingizi. Nani alimfundisha kwamba kukataa kwa Kiswahili kunakaa pia mwishoni? Mimi nimesema lugha hii miaka 63 na sikuwahi kuliona hilo mpaka nilipomletea uji wa moto akaniambia "taki".

(Kicheko.)

Mnacheka, subirini ya ndizi.

Tulikuwa gengeni. Nilimnunulia ndizi, nikamenya, ikakatika katikati. Akaangalia kipande cha mkono huu, akaangalia cha mkono huu, akaviweka vyote viganjani mwangu. "Dizi, bibi." Alitaka niiunge. Anaamini bibi anaweza. Mimi nikafanya kosa, nikacheka. Basi alijitupa chini pale kwenye maganda ya vitunguu, akagaragara, sauti ikafika Mlango Mmoja.

Mnajua gengeni hakukosi washauri. Mama mmoja akasema, "Mchape huyo, Nesi, anakupanda kichwani. Mchelea mwana kulia hulia yeye." Mwenzake akasema, "Mpe nyingine nzima anyamaze. Mtoto akililia wembe mpe." Nikawatazama. Wahenga wale wale, na nadhani kila mmoja aliyatoa kwa mtoto aliyekuwa naye siku hiyo. Ule wa wembe, kwa kweli, mimi sijawahi kuupenda. Nimefunga bandeji vidole vingi vya waliopewa wembe.

Sikumchapa wala sikununua nyingine. Nilikaa kwenye kreti la soda kando yake. Nikamwambia, "Ndizi imekatika. Umechukia." Nikanyamaza. Akaendelea. Nikanyamaza tena. Ilichukua dakika nne, zile zile nilizokuwa nampa mama mmoja na matatizo yake yote, na nawaambieni ni ndefu sana ukiwa umekaa chini gengeni unatazamwa. Kilio kikapungua kikawa kwikwi. Akaamka, akachukua vipande viwili, akala hiki, akala kile, akapanguswa uso. Hakuwa ananipanda kichwani. Alikuwa amefiwa na ndizi.

Na hapa niseme neno la sheria kwa sababu kuna watu wanadhani kuchapa ni haki yao isiyo na mpaka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inasema adhabu ya kumrekebisha mtoto haikubaliki ikiwa mtoto, kwa udogo wake, hawezi kuelewa kusudi la adhabu hiyo. Mtu wa miaka miwili anaelewa kwamba ameumia na kwamba wewe ndiye uliyemuumiza. Lile kusudi lako limebaki kwako.

Sasa nikiri jambo. Hii ndiyo sehemu ambayo sikutaka kuisema, babu yake mtoto akaniambia usipoisema usiende.

Mwezi wa nne, Alhamisi asubuhi. Nilikuwa nawahi mjini. Nimemimina chai kikombeni, kikombe nimekiweka pembeni ya meza, juu ya kitambaa. Nimegeuka kutafuta miwani. Miwani ilikuwa kichwani mwangu. Nikasikia "menyewe", na hapo hapo mlio ambao muuguzi akiusikia hahitaji kugeuka. Alikuwa amevuta kitambaa. Chai yote mkononi mwake, kutoka kiwiko kushuka.

Maji siku hiyo bombani hayakuwepo, mnajua mgao wetu wa mlimani. Dada wa kazi akavuta dumu. Mimi nimemshika mtoto mkono uko juu ya beseni, dada anamwagia kwa jagi, jagi baada ya jagi, maji ya kawaida, dakika 20 kwa saa ya ukutani. Zilikwenda dumu mbili. Jirani akaingia mbio na dawa ya meno. Mwingine akaja na yai. Wa tatu asali. Wote wana huruma, na wote niliwakatalia, kwa sababu nimefanya kazi ya kubandua dawa ya meno juu ya ngozi ya mtoto iliyoungua na sitaki kuirudia. Maji tu, safi, yanayotiririka, dakika 20, kisha kitambaa safi na kituo cha afya. Alipona. Limebaki kovu la ukubwa wa jani la mchicha.

Ningekuwa bado kazini ningeandika kwenye daftari: "mtoto alivuta kitambaa". Ningempa yule bibi karipio dogo, halafu anayefuata. Kumbe bibi hakuwa mzembe. Alikuwa na haraka, na mtoto alikuwa anataka kujinywea chai kama watu. Kitambaa cha meza tangu siku ile kiko kabatini. Kilishonwa na mama yangu, babu anakiulizia mpaka leo.

Kwa kuwa tumeingia huko, mawili haraka. Mafuta ya taa msiyaweke kwenye chupa ya soda wala ya maji. Mtoto anajua chupa ya soda ina nini. Akiyanywa, usimtapishe, wala usimnyweshe maziwa ukimlazimisha. Yakipanda kurudi yanaweza kuingia mapafuni na hapo ndipo ubaya ulipo. Mchukue na chupa yake mwende kituoni. La pili, ndoo. Kichwa cha mtoto wa umri huu ni kizito kwa mwili wake; akiinama ndani ya ndoo anatangulia kichwa, na hawezi kujiinua. Maji ya sentimita chache yanatosha. Sisi watu wa mgao tuna ndoo, madumu, mabeseni kila kona. Yafunikwe.

Na ziwa. Babu yake humpeleka jioni kutazama kivuko kinavyoingia Kamanga. Hayo ndiyo mapenzi yao, wanakaa wanahesabu pikipiki zinazoshuka, mmoja hajui kuhesabu na mwingine haoni vizuri. Hiyo sina neno nayo. Shida inaanza anapotaka kuingia majini.

Mwezi wa sita tulikwenda Ukerewe msibani. Asubuhi wanawake wanafua ufukweni, watoto wamekalishwa kwenye mabeseni, wamejaziwa maji ya ziwa, wanapiga piga, raha mustarehe. Mama anajua kabisa kwamba ziwani kuna kichocho, ndiyo maana hakumwingiza mtoto ziwani. Amemletea ziwa kwenye beseni. Vijidudu vya kichocho vinatoka kwa konokono, vinaogelea, vinapita kwenye ngozi kwa dakika chache tu, na havitofautishi ufukwe na beseni. Kama huna maji mengine, yateke yakae siku mbili kwenye chombo kilichofunikwa kabla hujamwogeshea, kwani vikikosa mtu wa kumwingia vinakufa. Au yachemshe, yapoe. Na jueni jambo ambalo hata sisi wahudumu tulilipita kwa muda mrefu: dawa ya kichocho tulizoea kuigawa shuleni, kwa hiyo huyu wa beseni alikuwa haguswi mpaka aanze darasa la kwanza. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo unaotaka kinga hiyo ianzie miaka miwili. Ulizeni kituoni kwenu. Mkiambiwa mtoto ni mdogo, ulizeni tena.

Chakula sitakaa nacho. Uji wa lishe wa nafaka kumi na mbili sitaujadili, nisije nikagombana na wauzaji walioko humu. Tuna dagaa. Mtoto anamla dagaa mzima mzima na mifupa yake, kwa hiyo anapata na ile chokaa ya kujengea mifupa, na hiyo minofu ya sangara haimpi. Waoshe mchanga utoke, wakaange wakauke bila mafuta, twanga, chekecha, weka kwenye uji au kwenye mboga. Karanga nzima usimpe, zinanasa kwenye koo, twanga. Na kijiko mwachie. Nusu itaingia mdomoni, nusu itaingia sikioni, kuku watamalizia.

Lakini dagaa wana faida nyingine, na hii niliijua kwa bahati. Kila nikikaa kuchambua dagaa alikuwa ananivuruga, anamwaga ungo, anarusha. Nampa mdoli, anautupa. Nampa kopo na vifuniko, dakika mbili. Siku moja dada akamtengea ungo wake mdogo na kiganja kimoja cha dagaa, akamwekea bakuli. Hakumwambia kitu. Yule bwana akakaa, akashika dagaa mmoja kwa vidole viwili, akamtazama macho kwa macho, akamtia bakulini. Akachukua mwingine. Walikuwa arobaini na kitu. Aliwahamisha wote, mmoja mmoja, halafu akawamwaga kwenye ungo akaanza upya. Mimi nilimaliza kilo mbili bila mtu kunisumbua.

Niliwaza sana siku ile. Tunamnunulia vitu vya kuchezea ili atupishe tufanye kazi, na yeye anachokitaka ni kazi. "Menyewe" maana yake nami nimo. Tangu hapo ana sehemu yake kwenye kila kitu: tukifua, ana soksi mbili na kibeseni chenye maji ya kufunika vidole, tumekaa naye. Tukichambua mchicha, anachambua, japo mizizi anaiweka kwenye sufuria. Sahani za plastiki anazipeleka jikoni moja moja. Kazi inachukua muda mara mbili, sikatai. Ule muda niliokuwa natumia kumbembeleza na kugombana naye ulikuwa mara tatu.

Simu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo cha simu wala televisheni kabisa, na akishafika miwili isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ndiyo vizuri. Niliwahi kulihubiri hilo. Sasa kwangu mimi, mama yake anaishi ndani ya simu. Anapiga kila siku saa mbili usiku kwa video. Wiki iliyopita huyu alikuwa anakula, akachota uji kwa kijiko, akaupeleka kwenye kioo, kwenye mdomo wa mama yake. Binti yangu kule Dodoma akafungua mdomo, akatafuna, akasema mtamu. Akachotewa mwingine. Akala. Cha tatu akageuza simu, tukabaki tunaona dari.

Hiyo siihesabu kwenye saa moja. Katuni nazihesabu. Mama simhesabu.

Nimesema dada mara mbili tatu. Ana miaka 19, anatoka Magu, na mengi niliyowaambia leo nimeyaona kwake kabla sijayaelewa. Ndiye aliyejua kwamba mtoto anatangaziwa mambo kabla: "tukimaliza ndoo hii tunakwenda kuoga", halafu ndoo ikiisha yule anakwenda menyewe bila vita. Hakusoma mahali. Amelea wadogo zake watano. Nyumba nyingi humu zina dada kama huyu, na mtoto mnamkabidhi yeye saa kumi na mbili asubuhi. Mkirudi jioni swali la kwanza ni "amekula?" Ni swali zuri. Ila ni lini mara ya mwisho ulimwuliza na yeye, "Mdogo wangu, wewe umekula?" Mtu aliyefokewa asubuhi, ambaye mshahara wake wa mwezi jana haujakamilika, huwezi kumtaka awe na subira ya dakika kumi za yeboyebo. Subira nayo inatoka mahali.

Haya, akina baba wa mlangoni. Nimewaona mnatazama saa.

Mzee wangu amefanya kazi ya ufundi wa injini bandarini maisha yake yote. Wanangu wanne hakumwogesha hata mmoja. Siwezi kumlaumu peke yake, mimi mwenyewe ningemnyang'anya beseni. Mtoto huyu alipokuja mimi nilikuwa na mgongo mbovu, ikabidi. Siku ya kwanza alimsabuni kama anaosha kabureta. Sasa ndiyo kazi yake, saa kumi na moja jioni kila siku, hakuna anayeiingilia. Anampimia maji kwa kiwiko kama nilivyomfundisha. Wanaongea humo bafuni, mimi sisikii wanachosema. Vijana wa kijiweni walimcheka wiki mbili tatu, "Mzee umekuwa dada wa kazi." Aliwajibu kwamba injini ya mtu inaoshwa ikiwa ndogo. Wakanyamaza, sijui kama walielewa, hata mimi sijaelewa vizuri.

Siwaombi mlee siku nzima. Chukueni kipande kimoja cha siku kiwe chenu, kijulikane: kuoga, au kulala, au zile ngazi za asubuhi. Mkifanye kila siku, hata vibaya. Mtoto wa umri huu anakuzoea kwa jambo lenye saa yake. Zawadi ya Jumamosi anaisahau Jumapili.

Mwenyekiti ananionyesha mkono, na maswali najua yapo, mama wa kitenge cha kijani ameinua kidole tangu nilipotaja kuchapa. Tutayamalizia nje chini ya mwembe, kwa sababu nimeona mlangoni pale babu yake amesimama na mtu wake, wametoka kwenye kivuko. Yeboyebo kulia kushoto, kushoto kulia. Mama, wewe mwenye kitenge, njoo na swali lako, ila tutatembea taratibu.

Wabeja, asanteni.